Kulinywesha tawi: viwavi wa mlimau kwenye nyumba ya kupanga

Ukilea viwavi nyumbani, kazi yako kubwa si kiwavi. Kiwavi anajua kula, anajua kujivua ngozi, anajua siku ya kuacha chakula na kutafuta mahali pa kugeuka pupa, yaani lile umbo la kutulia kabla ya kuwa kipepeo. Asichoweza ni kwenda kujitafutia jani jingine lile ulilomletea likinyauka. Hapo anakutegemea wewe kabisa. Nimelea viwavi kwa misimu kadhaa sasa, na ninaamini wengi wanaokufa mikononi mwetu hawafi kwa ugonjwa wao wenyewe. Wanakufa kwa jani kavu, jani lililoanza kuoza, au jani lenye dawa.

Naishi Donholm, Nairobi, ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga isiyo na hata kipande cha udongo. Mlimau ninaoutegemea uko Buruburu, kwa mwalimu mstaafu aliyeniruhusu kukata wakati wowote mradi nisiguse matawi yenye maua. Namwita Mwalimu, naye huniita binti yangu ingawa nywele zangu nazo zimeanza kuota mvi. Kutoka getini kwake hadi mlangoni kwangu ni mwendo unaotosha jani changa kulegea kama jua limeshika kasi. Ndiyo maana nimelazimika kujifunza mambo ya matawi kuliko mtu mwenye mti wake nje ya dirisha.

Viwavi wenyewe ni wa Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, asiye na mikia kwenye mabawa ya nyuma. Kama kuna ndimu, mlimau au mchungwa mtaani kwenu, umeshamwona. Jike hutaga yai moja moja, la mviringo, juu ya jani changa. Kiwavi mchanga ana rangi ya kahawia iliyokolea na mabaka meupe, na ndege humpita akidhani ni kinyesi cha ndege mwenzake. Akifika hatua ya mwisho anageuka kijani na kunenepa. Mguse mgongoni uone: nyuma ya kichwa zinachomoka pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali inajaa mezani. Mpwa wangu anayekuja likizo humsalimia kwa kumgusa kwa ncha ya penseli. Nimemwomba afanye hivyo mara moja tu kwa kila kiwavi, kwa sababu kutoa zile pembe ni kujihami, na kujihami kunamgharimu.

Sasa tuingie kwenye tawi.

Jani linapoteza maji mchana kutwa kupitia vitundu vidogo sana ambavyo kwa mlimau viko zaidi upande wa chini. Likiwa mtini, mizizi inarudisha yale yaliyopotea. Ukilikata tawi, kule juu linaendelea kupoteza lakini kule chini hakuna kinachoingia. Tena kuna jambo baya zaidi ya hilo. Maji ndani ya mishipa ya mti yamo katika hali ya kuvutwa kwenda juu, kwa hiyo mara tu mkasi unapopita, mishipa inavuta hewa. Ile hewa inakaa mle ndani na kuzuia maji hata ukilitumbukiza tawi kwenye chupa baadaye, kama mrija wa soda uliotoboka katikati: unavuta, unavuta, hakipandi kitu. Watu wengi hukata tawi, wakatembea nalo, wakalitia kwenye chupa, kisha wakashangaa jioni limelala ilhali chupa imejaa.

Dawa yake nilifundishwa na kijana anayeuza maua City Market, pale Muindi Mbingu Street. Nilisimama kununua maua ya msiba nikamkuta anakata mashina ya waridi akiwa ameyazamisha kwenye ndoo, mkasi wenyewe ukiwa majini. Nikamuuliza kwa nini anajilowesha mikono na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Akaniambia, "Mama, likikatwa ndani ya maji, kitu cha kwanza kuingia ni maji." Nilirudi nyumbani nikafanya vivyo hivyo na mlimau, na tangu siku hiyo sijaacha.

Basi utaratibu wangu ni huu. Nakata alfajiri, kabla jua halijapanda, kwa sababu usiku kucha mti umekuwa ukijaza majani yake na asubuhi yamekaza. Ukilikunja jani la alfajiri kidogo unasikia linakataa. La saa nane mchana linakubali tu. Naenda na ndoo ndogo ya mfuniko yenye maji kiasi cha kiganja. Nachagua tawi gumu kiasi, lenye unene kama wa penseli, lililo na majani yaliyokomaa na machipukizi machache juu. Nalikata, nalitia ndooni mara moja, nafunika ili upepo usiyapige majani njiani. Nikifika nyumbani naliweka shina lake kwenye karai la maji na kulikata tena mle mle majini, sehemu kubwa ya kidole juu ya mkato wa kwanza, kwa mshazari. Mshazari unaongeza eneo la kunywea, na pia unazuia shina lisikae bapa kwenye sakafu ya chupa likajiziba. Majani yote yatakayozama nayaondoa, pamoja na miiba, maana jani likizama linaoza na uozo huo ndio unaolisha bakteria wanaoziba mishipa. Maji nabadilisha kila siku. Kila baada ya siku mbili hivi naukata tena mwisho wa shina, kidogo tu, majini.

Kwa namna hiyo tawi la mlimau linakaa kwangu vizuri siku nne au tano, na wakati wa baridi huzidi. Kuna mgao wa maji mtaani kwetu kama kwingine Nairobi, kwa hiyo nina jerikeni moja ya viwavi ambayo hakuna ruhusa ya kuichota kwa chai.

Kuhusu kuongeza vitu kwenye maji, msimamo wangu ni mkali. Wauza maua hutia sukari, matone ya dawa ya Jik ya kung'arisha nguo, au ule unga wa pakiti unaokuja na shada. Kwa maua ya kutazamwa ni sawa. Lakini kinachopanda kwenye shina kinaishia kwenye jani, na jani linaishia tumboni mwa kiwavi. Maji matupu na safi yanatosha. Na kuyapulizia majani maji kwa chupa ya kunyunyizia hakumsaidii mtu. Jani halinywi kwa uso wake kiasi cha kurudisha kilichopotea, na ule unyevu unabaki kuwa makao ya ukungu.

Tawi likifika limelegea, usilitupe upesi. Likate tena majini, kisha lizamishe lote, majani na shina, kwenye karai la maji ya kawaida kwa muda wa saa moja. Mengi huamka. Likishaamka likung'ute, lining'inize mpaka lisiwe na tone hata moja, ndipo umpe kiwavi.

Chupa nayo ina hatari zake. Viwavi hushuka. Huyu mdogo wa kahawia anaweza kukaa kwenye jani lake siku nzima, kisha usiku, bila sababu unayoiona, akaanza kufuata shina kwenda chini. Nimewahi kukesha nikimwangalia mmoja kwa tochi: anainua kichwa, anakipeleka kushoto, anakipeleka kulia, anatandika uzi wa hariri, anapiga hatua, anatandika tena. Alifika kwenye mdomo wa chupa, akapapasa ukingo, na angekuta maji wazi angeendelea kutembea mpaka ndani yake. Hatambui kwamba pale ndipo njia inapoishia. Alikuta pamba, akaipapasa, akageuka akarudi juu.

Mimi natumia chupa ya maji ya nusu lita. Natoboa kifuniko kwa msumari uliopashwa moto, tundu moja kwa kila kitawi, napitisha mashina, kisha nafunga kifuniko na kuziba nafasi zilizobaki kwa pamba. Chini ya chupa natia changarawe ili uzito wa matawi usiipindue. Ukikosa kifuniko, tishu iliyokunjwa na kushindiliwa mdomoni inafaa, mradi uibadilishe ikilowa. Chupa inakaa juu ya gazeti, na vyote viwili viko ndani ya tenga lililofunikwa kipande cha chandarua kisichokuwa na dawa. Naomba nirudie hapo: kisichokuwa na dawa. Vyandarua vingi vinavyogawiwa zahanati vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na kiwavi ni mdudu.

Kwa viwavi waliotoka kwenye yai sasa hivi, chupa haimo. Hawa wanataka chipukizi laini, na chipukizi laini ndilo linalonyauka kwanza hata ulikate namna gani. Wanakaa kwenye kopo dogo la plastiki lenye kifuniko, lile la siagi linafaa, na chini kuna tishu kavu. Natia machipukizi mawili matatu yasiyo na maji kabisa, nafunika. Unyevu unaotoka kwenye jani unabaki ndani na kulifanya jani lisikauke kwa siku nzima. Hawahitaji tundu la hewa kwa udogo ule. Kufungua kifuniko asubuhi na jioni kunatosha. Ila kopo lisikae juani hata dakika chache, na ukiona matone yamejikusanya upande wa ndani, pangusa na ubadilishe tishu. Kiwavi mwenye urefu wa punje ya mchele anaweza kunasa kwenye tone la maji akafa humo.

Friji ni msaada kwa sisi tunaofuata jani mbali. Nakunja vitawi visivyolowa ndani ya gazeti, natia kwenye mfuko, nautoa hewa, naufunga na kuuweka kwenye droo ya mboga. Majani yaliyokomaa yanakaa karibu wiki. Kabla ya kuyatumia nayaacha mezani yapate joto la chumba na kukauka ule umande wake. Jani la baridi na majimaji kwa kiwavi mdogo silipendi kabisa. Mume wangu amezoea kukuta mfuko wa mlimau kando ya sukuma wiki. Nimeuandikia "USIPIKE" kwa kalamu ya wino mzito.

Kuna mimea ambayo mambo ya mlimau hayaifai. Chukua Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na nyeupe kwenye mabawa. Viwavi wake, wenye mistari myeusi, myeupe na ya manjano na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni, wanakula mimea yenye maziwa, kama ile Gomphocarpus inayoota kandokando ya barabara na kwenye viwanja vitupu, yenye matunda yaliyofura hewa na kujaa vinywele. Ukiikata, utomvu mweupe unamwagika na kuganda pale pale kwenye mkato, na ukishaganda shina halinywi. Acha utomvu utiririke kwanza, suuza mkato kwa maji ya uvuguvugu mpaka uache kutoa weupe, ndipo utie chupani. Hata hivyo inalegea mapema. Kata kidogo, kata mara kwa mara. Na usijipanguse macho. Utomvu huo unachoma, na sumu iliyomo ndiyo kiwavi anayoihifadhi mwilini ili ndege wasimpende. Osha mikono kwa sabuni kila unapomaliza.

Nikiwa kwa hao, kuna jambo la Nairobi ambalo kila anayewalea anapaswa kulijua. Jiji letu limekaa mahali ambapo aina mbalimbali za Danaus chrysippus zinakutana na kuzaana, na baadhi ya majike hapa wana bakteria wa jamii ya Spiroplasma wanaoua watoto wa kiume wakiwa bado kwenye yai. Kwa hiyo unaweza kukusanya mayai ya mama mmoja, ukayatunza vizuri, na takribani nusu yasitotoe, na wanaobaki wote wawe majike. Usililaumu jani lako kwa hilo. Mpwa wangu alipoona mayai yake yameishia hivyo alinifuata jikoni: "Anti, kwani niliyalowesha?" Nikamweleza habari ya bakteria, na kwa jinsi alivyosikiliza naona hatasahau.

Mmea rahisi kuliko yote ni mukengeria, lile gugu lenye maua madogo ya buluu linaloota popote penye unyevu. Viwavi wa kipepeo aitwaye Acraea encedon hula jamii hiyo. Kata bua, litie majini, na baada ya siku chache linaota mizizi lenyewe kwenye vifundo. Kwa anayeanza, au kwa mwalimu wa darasa la tatu anayetaka watoto waone, hapo ndipo pa kuanzia. Majani ya mpasheni nayo huliwa na jamaa za Acraea wengine, lakini mpasheni uliokatwa hulegea haraka. Bora uwe na mche kwenye kopo.

Dawa ndiyo inayonikosesha raha. Nairobi inapuliziwa dawa kuliko tunavyofikiri: kunguni, mende, mbu, vidukari kwenye maua ya geti. Kabla ya kukata mti wa mtu uliza, kwa heshima, lini ulinyunyiziwa mara ya mwisho na nyumba za jirani zilipigwa dawa lini. Usinunue mche wa mlimau kando ya barabara leo na kumpa kiwavi kesho. Miche huwa imenyunyiziwa, na kuna dawa zinazoingia ndani ya mmea na kusafiri na maji yake hadi kwenye jani. Hizo hata ukisugua jani kwa sabuni haziondoki. Subiri mche utoe majani mapya, kisha usubiri tena. Na chanzo chochote kipya cha majani nakijaribu kwa kiwavi mmoja kwanza kabla ya kuwapa wote. Akitapika majimaji ya kijani, akijikunjakunja au akaachia tawi, tawi hilo linatoka nyumbani siku hiyo hiyo. Inaniuma kwa yule mmoja, lakini sijapata njia nyingine. Na chumba walichomo hakiwashwi dawa ya mbu ya kuchoma, hata mgeni akilalamika.

Hata tawi safi lina wageni wake. Buibui mdogo, chungu, mayai ya wadudu wengine. Nalipiga taratibu juu ya karatasi nyeupe na kulikagua chini ya majani kabla halijaingia tengani. Kama chungu wameshagundua meza yako, weka miguu yake kwenye vikopo vya maji.

Wakati wa kubadilisha tawi, usimng'oe kiwavi. Anashikilia kwa nguvu na unaweza kumchana miguu ya tumboni. Weka tawi jipya liguse la zamani. Mwenye njaa atavuka mwenyewe. Asipovuka na amekaa kimya, kichwa kimeinama na ngozi ya shingoni imevimba, huyo anajivua ngozi. Mwache hapo hapo siku nzima au zaidi, au kata kile kipande cha jani alichokalia ukakibane kwenye tawi jipya kwa kibanio cha nguo.

Msimu nao unabadilisha kila kitu. Januari na Februari, upepo mkavu wa barazani unaweza kumaliza tawi kwa nusu siku, walete ndani. Mvua ndefu zinaleta machipukizi tele, lakini yote yamelowa, na kukausha majani kunachukua muda wangu mwingi kuliko kukata. Baridi ya Julai viwavi wanakula polepole na tawi linadumu, na hapo adui anakuwa unyevu uliosimama. Ninaangalia kinyesi. Cha kiwavi mzima ni kikavu, kimeshikana, kinaviringika ukitikisa gazeti. Kikianza kuwa chororo na kinanata, napunguza unyevu, nabadilisha majani yote, naosha tenga kwa maji ya moto na kulianika juani. Anayelegea, akaning'inia kichwa chini na kugeuka mweusi, natoa mara moja pamoja na tawi lake, kwa sababu ugonjwa huo unaambukiza wote waliobaki.

Kuna kinyesi kimoja cha majimaji ambacho hakitakiwi kukushtua: kile anachotoa kiwavi mkubwa wa kijani akiwa ameshiba maisha ya jani. Baada yake anatembea sana, anazunguka tenga zima, hataki kula hata umpe chipukizi la alfajiri. Huyo mwachie vijiti vikavu vilivyosimama. Atajifunga kwa uzi kiunoni, na pupa itakuwa ya kijani au ya kahawia kufuatana na mazingira ya alipokaa.

Wapo walioshinda tatizo hili kwa kutokata kabisa. Wakulima wanaozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke, kupitia mradi wa Kipepeo ulioanza 1993 pale Gede, hufuga vipepeo na kuuza pupa nchi za nje, na hupanda miti ya chakula cha viwavi nyumbani kwao. Mwenye mti anaweza kulivika tawi zima soksi ya neti, akafunga pande zote mbili, viwavi wakala jani linalonywa kwa mizizi yake. Mwenye nyumba wangu ameshanikubalia debe mbili juu ya paa, karibu na matangi. Nimepanda milimau miwili kutoka kwa mbegu, na bado ni mifupi mno kuwalisha hata viwavi watatu, kwa hiyo Jumamosi hii niko kwa Mwalimu na ndoo yangu. Nitamwomba vitawi vya mchungwa wake pia, maana nataka kuona kama majani yake yanakaza kwa muda mrefu kuliko ya mlimau.